Rinda la begani nililibuni mimi, sasa liko kila dirisha. Cha fundi ni kipi?

SindanoNaUzi (Lubumbashi, Katuba) ameuliza:

Jambo yenu mafundi na wapenda nguo wote. Nashona tangu 2009, kwanza kwa shangazi yangu, halafu kwangu mwenyewe: chumba kimoja, mashini mbili za mguu, na dirisha linaloangalia barabara. Nina swali linaloninyima usingizi wiki ya tatu sasa. Naomba mnijibu kwa ukweli, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwanzoni mwa mwaka, mama mmoja anayeuza unga wa mahindi sokoni aliniletea kikwembe, yaani kitenge, pisi nzima ya yadi sita, nimshonee libaya, ile blauzi ya juu. Bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia, karibu vidole viwili. Ni miaka ishirini ya kubeba mifuko upande mmoja. Kila libaya analovaa linamteleza upande ule, na akinyosha mkono kumpimia mtu unga, nguo nzima inapanda na kiuno kinabaki wazi. Akaniambia, "Fundi, nimechoka kujivutavuta nguo mbele za watu."

Siku mbili nilizunguka na lile bega kichwani. Nilijaribu kwanza kwa kipande cha shuka kuukuu, nikapiga bandi, haikukaa. Mara ya pili nikauhamisha mshono. Badala ya kupita juu ya bega nikausogeza nyuma sentimita nne, na chini yake nikaficha rinda moja lenye kina cha sentimita tatu. Nililishika juu na chini tu, katikati nikaliacha huru. Mkono ukishuka, rinda limelala, huoni kitu ila mstari. Mkono ukipanda, linafunguka kama kope ya jicho na nguo inabaki mahali pake. Kikwembe chake kilikuwa cha buluu nzito yenye matone ya njano, basi ndani ya rinda nikaweka kipande cha njano tupu.

Siku ya kujaribu, yule mama alinyosha mkono kuelekea rafu yangu ya nyuzi, akaushusha, akaunyosha tena. Hakusema neno. Alifanya hivyo kama mara sita.

Nilipiga picha, nikaiweka kwenye WhatsApp. Hapo ndipo nilipokosea, au sijui. Haukupita mwezi, nikaona lile rinda kwa jirani. Halafu kwa mwingine. Halafu atolie moja kubwa ya mjini ikaliweka dirishani, bei mara mbili ya yangu. Juzi mteja mpya ameingia, ameona libaya nililotundika, akaniuliza, "Ah, nawe umeanza kushona ile modeli ya mjini?" Neno lile liliniingia kama sindano chini ya ukucha.

Lakini nikitulia nakosa nguvu ya kulalamika. Wateja wangu karibu wote wanaingia na simu mkononi: gauni la Lagos, la Abidjan, la Kinshasa, "nishonee kama hili". Nami nashona, maana kodi ya nyumba haingoji. Je, aliyebuni gauni lile Lagos hakulia kama ninavyolia mimi? Na kikwembe chenyewe, tunachokiita vazi la mama zetu? Wajava wa Indonesia ndio waliochora vitambaa kwa nta, Waholanzi wakaiga kwa mashini, kiwanda cha Vlisco kikaanza Helmond mwaka 1846, na leo vingi tunavyokata hapa vimechapwa China na kuingilia mpakani Kasumbalesa. Sasa kitambaa si changu, picha si yangu, na kile kidogo nilichokitoa kichwani mwangu kimeenda. Cha fundi ni kipi?

Mdogo wangu ananishauri niache vikwembe, nitumie rafia ya Wakuba, watu wa Kasai, ili niwe na "kitu cha asili". Nalo sina hakika nalo. Nisaidieni.

MkasiMkali:

Yaya, dada yangu mkubwa, pole. Ila nakuambia bila kukuficha, modeli haina mwenyewe. Ukishaivalisha mtu akatoka nayo barabarani, imekuwa ya barabara. Mimi nina watoto wanne. Nikiona kinachouzika nakishona. Nawe shona, chukua pesa, ubuni kingine.

BabaKola (Kamalondo):

Binti yangu, nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani.

Mimi nilianza kujifunza kazi 1974. Wakati ule serikali ya Mobutu ilikuwa imekataza suti na tai, na kila mwanaume mwenye mshahara alitaka abakosti. Jina lenyewe lilitokana na maneno ya Kifaransa, "suti chini", yaani suti iondoke. Hebu fikiri: nchi nzima, vazi moja. Koti lisilo na tai, vifungo mbele, mifuko, basi. Ikaendelea hivyo mpaka 1990. Ungesema hapo fundi hana pa kuonyesha akili yake.

Sivyo. Watu wa Kamalondo walikuwa wanaijua abakosti ya mwalimu wangu kwa mbali, mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara. Waliijua kwa kola. Kola isiyo na tai inasimama peke yake, haina pa kujificha. Wengine walikuwa wanakata kola ya juu na ya chini sawasawa, na baada ya kufua mara tatu ile ya chini inachungulia, ncha zinapinda juu kama mkia wa bata. Mwalimu wangu alikuwa anaikata ya chini ndogo kuliko ya juu, tofauti ya unene wa sarafu tu, halafu anaishona huku ameikunja juu ya kidole, ili kitambaa kijifunze kuviringika kikiwa bado mkononi. Kola ile ililala shingoni mwaka mzima. Hakuwahi kuificha. Mafundi walikuwa wanakuja, wanaketi, wanatazama. Walikuwa wanaondoka na umbo la kola, wachache sana walikuwa wanaondoka na kidole.

Sasa nikuulize swali moja tu. Umeandika kwamba rinda lako linafunguka. Umekwenda kuangalia lile la mjini? Linafunguka?

Mshazari_Bukavu:

Dada, mimi nilisoma kukata na kushona sekondari, na mwalimu wetu alitusimulia habari ya Madeleine Vionnet wa Paris, yule aliyejulikana kwa kukata kitambaa kwa mshazari mpaka gauni likawa linafuata mwili bila kubanwa. Alikuwa anabuni juu ya mwanasesere mdogo wa mti, anamviringishia kitambaa, anakata, anabandua, anaanza tena. Gauni lile, ukiliona juu ya mtu unadhani ni rahisi. Ukilifumua na kulitandaza mezani huelewi hata kipande kipi ni cha wapi.

Waigaji walimsumbua sana. Alichofanya katika miaka ya 1920 ni hiki: kila gauni lilipigwa picha mbele, ubavuni na nyuma, likapewa namba, likawekwa kwenye albamu. Na kwenye lebo, karibu na sahihi yake, aliweka alama ya kidole gumba chake. Kidole gumba kabisa, cha wino, kama tunavyofanya kwenye karatasi za serikali.

Haikuwazuia wote. Lakini zile albamu zimebaki, na leo watu wanajua kipi kilitoka mkononi mwake. Nunua daftari. Picha tatu kwa kila kazi, tarehe, vipimo, na kipande cha kitambaa ukibandike. Ile ya WhatsApp iwe ya mwisho, daftari liwe la kwanza. Hapa Bukavu nafanya hivyo mimi, nina madaftari saba, na hata kama hayajaniletea pesa, yananipa usingizi.

Mwanasheria_mdogo:

Yaya, mimi bado nasoma sheria hapa Lubumbashi, mnipokee hivyo.

Si kweli kwamba modeli haina mwenyewe, kama alivyosema MkasiMkali. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 7 Januari 1982 ya mali ya viwanda, nayo inagusa michoro na maumbo ya bidhaa. Ipo pia ile ya tarehe 5 Aprili 1986 ya haki za watunzi. Shida ni kwamba njia ya kusajili umbo la bidhaa inapitia wizara ya viwanda, Kinshasa, na fundi wa Katuba hawezi kufunga safari kwa ajili ya libaya moja litakalopendwa msimu mmoja.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wana mlango mdogo ambao naupenda: umbo likishatolewa hadharani kwao, hata bila kusajiliwa, linalindwa dhidi ya kuigwa kwa miaka 3. Nguo inakuwa imeshauzika na kuchosha watu kabla muda haujaisha. Marekani, kwa upande mwingine, haki ya mtunzi inalinda mchoro uliochapwa kwenye kitambaa, lakini namna nguo ilivyokatwa hailindi. Yaani, ukiiba ua lililochorwa kwenye kikwembe una kesi. Ukiiba rinda la yaya hapa, huna.

Na wakubwa wenyewe wanaburuzana. Mwaka 1994 mahakama ya biashara ya Paris ilimpa ushindi Yves Saint Laurent dhidi ya Ralph Lauren kwa gauni refu jeusi lililoshonwa mfano wa suti ya jioni ya kiume. Lakini Saint Laurent huyohuyo, mwaka 1967, alionyesha magauni ya rafia na shanga za mti, akasema ameyatoa Afrika. Sijasikia kwamba kuna kijiji kilichomfikisha mahakamani.

Kwa hiyo la Mshazari_Bukavu ndilo ushauri wangu pia: daftari lenye tarehe. Bila ushahidi, hata sheria nzuri inakutazama tu.

Mjukuu_wa_Mushenge:

Naomba niseme juu ya rafia, kwa sababu bibi yangu alikuwa Mkuba na nimekulia chini ya vidole vyake.

Usiingie huko kwa kuwa mdogo wako amesema ni "asili". Kwetu wanaume ndio wanaofuma kitambaa cha rafia, wanawake ndio wanaodarizi. Vile vitambaa vyenye manyoya mafupi kama mahameli, mwanamke anapitisha uzi chini ya mfumo bila fundo, anakata juu kwa kisu kidogo, anapitisha tena. Kipande kimoja kinaweza kula miezi. Na michoro ina majina. Ukichukua picha ya kitambaa kile ukaichapa juu ya polista ukaiita ubunifu wako, umefanya kilekile ulichofanyiwa na atolie ya mjini.

Lakini pia msidhani Wakuba walikuwa wanarudia tu ya mababu. Wanahistoria wanasimulia kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimletea mfalme pikipiki, wakitegemea atashangaa. Pikipiki yenyewe hakuijali sana. Alichokipenda ni alama ambazo tairi liliacha mchangani. Akaagiza mchoro ule unakiliwe, ukapewa jina lake, ukaingia kati ya michoro ya Wakuba.

Naifikiria habari hii kila mara. Wote walikuwa wanatazama chuma, yeye akatazama mchanga.

Rangi_ya_Kampemba:

Mimi ni mchoraji, si fundi wa nguo, ila swali lenu ni letu pia. Hapahapa Lubumbashi, ikiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Alitaka watazame mimea, samaki, ndege. Mimi sikubaliani naye katika kuwafungia watu madirisha, mtu anayeogopa kuona kazi za wengine hataijua ya kwake. Lakini tazameni kilichotokea. Pahali pamoja, mwalimu mmoja, na mikono mitatu isiyofanana: Bela alikuwa anachora kwa ncha za vidole, nukta juu ya nukta. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vifupifupi, kama mtu anayefuma mkeka. Pilipili Mulongoy akawa mtu wa samaki na ndege, wametulia kati ya majani yaliyopangwa moja moja. Hata jina likifutika pembeni, mtu aliyezoea anajua ni nani.

Yaya, huenda unatafuta modeli, kumbe unachotakiwa kutafuta ni vistari vyako.

SindanoNaUzi:

Aksanti sana, nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilimtii Baba Kola, nikaenda mjini.

Niliingia kwenye ile atolie kama mteja. Sikusema mimi ni nani. Libaya lilikuwa pale dirishani, limeshonwa vizuri, siwezi kuwasingizia, mishono yao imenyooka kuliko yangu na pasi yao ni ya umeme, haina masizi. Nikamwomba binti wa pale anijaribishe. Nikalivaa. Nikanyosha mkono.

Halifunguki, Baba. Wamelishona lote, juu mpaka chini, limelala kama kovu. Na ule mshono wamerudisha juu ya bega, nyuma wamebakiza mstari wa urembo tu. Ile njano yangu wameigeuza utepe mwembamba walioupiga juu, kwa nje. Nilipoinua mkono, libaya zima lilinipanda mpaka mbavuni. Yule binti akanivuta chini kwa upole, akaniambia, "Dada, hili ukilivaa usinyoshe mikono sana."

Nilisimama mbele ya kioo chao nikafikiri juu ya mama wa unga. Machozi yalianza kunijia, halafu yakapita, nikajikuta nahesabu: wamepima kwenye picha. Picha ilikuwa ya mama ameshusha mikono. Kumbe walichokiona ni mstari, na mstari ndio walioushona. Sina hakika kama nimesamehe. Yule mteja aliyeniambia nimeiga ya mjini bado ananiuma. Lakini sijaumwa tena usiku.

MkasiMkali, nimekusikia, na sikuhukumu, watoto wanne ni watoto wanne. Ila siwezi kukubali kwamba imekuwa ya barabara, kwa sababu ile iliyoko barabarani si ile.

Mjukuu wa Mushenge, habari ya tairi nimemsomea mdogo wangu kwa sauti. Rafia tumeiacha. Labda siku moja nitaomba kuketi na mwanamke anayedarizi, nijifunze kushika kile kisu kwanza.

Daftari nimenunua, la kurasa mia mbili. Nimebandika kipande cha kile kikwembe cha buluu ukurasa wa kwanza, na nimerudi kwa mama wa unga nikampiga picha tatu. Ya ubavuni nimempiga mkono ukiwa juu, rinda wazi, njano yote nje. Chini nimeweka dole gumba langu. Mwanasheria mdogo, tarehe ipo.

Na kuna jambo jingine nimelianza wiki hii. Mteja akiingia na simu, namwomba aiweke mezani kwanza. Namwambia aketi, ainuke, ainue mikono, ainame kama anaokota kitu. Nauliza anafanya kazi gani, anabeba nini, anabeba upande gani. Halafu ndipo tunafungua picha yake. Wawili walikasirika. Mmoja aliondoka. Waliobaki, picha zao nimezishona, lakini kila moja imebadilika mahali fulani ambapo mwenye picha hawezi kujua kwa nini.

Sasa nina swali jipya, na hili ni la Baba Kola hasa. Mama wa unga ameniletea mdogo wake, anataka libaya "kama la dada, lenye jicho". Mabega yake yamelingana, hana haja ya rinda la bega. Ila ana mtoto wa miezi mitano anayembeba mgongoni tangu asubuhi, na mbeleko inapita palepale nilipouweka ule mshono wa nyuma. Nimejaribu juu ya shuka: mbeleko inaubana mshono, rinda linashindwa kufunguka, na ile sehemu nene itamchubua mtoto shavuni akilala. Nafikiri kuuleta mshono mbele, chini kidogo ya mfupa wa bega, na rinda nilipeleke kwapani, literemke ubavuni ili nipate pia upenyo wa kunyonyesha. Lakini mshono ukija mbele, naogopa shingo ya libaya itavutwa upande na kola haitalala.

Baba, kola ya chini niikate ndogo pande zote mbili, au upande wa mbeleko tu? Anakuja Jumamosi kujaribu.